Bastola Iliyonukia Langilangi

Dada yangu alikuwa na mimba changa, na kila kitu kilimnukia vibaya isipokuwa mafuta yake ya nazi. Sabuni ilimtapisha. Samaki ndiyo usiseme. Hata ule moshi wa kiwanda cha sukari, ambao mimi niliupenda kwa kuwa ulinifanya nijione nimo ndani ya sufuria ya halua, yeye aliufungia dirisha. Ndiyo sababu mama alinitoa Mahajanga akanipeleka kisiwani Nosy Be, nikakae na dada huko Dzamandzar, nimpikie, nimfulie, nimchekeshe. Kupika nilijua kidogo. Kufua, nusunusu. Kuchekesha ndiko kulikokuwa fani yangu.

Mumewe alikuwa mlinzi wa kiwanda. Mtu mrefu, mpole kupita kiasi. Akitaka kumfukuza kuku jikoni humwomba radhi kwanza. Mimi nilimwita shemeji na yeye aliniita shemeji, na kwa kuwa shemeji kwetu ni wa kutaniwa, nilimtania asubuhi na jioni, naye alikubali kila kitu.

Humo nyumbani tulisema Kikomori, nje Kimalagasi cha watu wa kaskazini, na Kifaransa pale tu tulipobanwa. Kiswahili hiki ninachoandikia nimekipata kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekulia Unguja. Ndiye aliyenifundisha kusoma, na baada yake shule niliionja tu. Basi maneno ya watu humu nimeyavua nguo moja nikayavika nyingine. Wenyewe ni walewale.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Pale kiwandani tuliuona katika mambo madogo: mtu wetu amekalia kiti cha karani, mtu wetu ameshika ufunguo wa ghala. Tangu zamani, gari lililopeleka mishahara kwenye kambi za wakata miwa lilifuatana na mgeni mwenye bastola kiunoni. Sasa ikaamuliwa kazi hiyo aipate mmoja wa walinzi wa hapahapa. Mkuu wa walinzi, Mfaransa mnene mwenye masharubu meupe, akamchagua shemeji. Alisema amemchagua kwa sababu hajapata kumwona akigombana na mtu.

Jioni hiyo shemeji alirudi amekumbatia sanduku kama mtu aliyebeba keki ya arusi. Tukaketi wote watatu mkekani. Akafungua karatasi ya nta, na ndani yake ilikuwemo bastola mpya, haijaguswa na mtu. Haikuwa ile ya zamani yenye tumbo la mviringo. Hii ilikuwa bapa, nyeusi, ya kujijaza yenyewe. Shemeji alitueleza kwa kutumia muhogo: ukifyatua, nguvu ya mlipuko inasukuma kifuniko cha juu kwenda nyuma, kifuniko kinatupa ganda la risasi, kisha kinarudi mbele kwa springi kikiwa kimebeba risasi nyingine.

"Yote hayo peke yake?" nikauliza.

"Peke yake."

"Basi wewe unalipwa kwa kazi gani?"

Akacheka. Dada hakucheka. Alikuwa ameshika pua. Kwani bastola ile ilikuwa imepakwa mafuta mazito ya kahawia, kama lami iliyochanganywa na mafuta ya taa, ili isipate kutu baharini. Na ndani ya sanduku kulikuwa na kopo dogo la mafuta ya kuitunzia, nalo lilinuka mara mbili zaidi. Dada aliinuka akakimbilia uani, nasi tukamsikia anavyotapika.

Aliporudi alisema, "Mume wangu, nakupenda. Lakini harufu ile na mimi hatulali nyumba moja."

Shemeji akalitazama kopo, akamtazama mkewe. Mkuu alikuwa amemwambia aitunze silaha kama jicho lake na aipake mafuta kila wiki. Hakumwambia aiache kazini, na shemeji hakuuliza, maana alikuwa na furaha, na mwenye furaha haulizi.

Sasa, kwetu kitu kipya hakianzi kazi kikavu. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, ndivyo tulivyokuta. Cherehani ya mama ilipoletwa nyumbani kwetu Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, ilipakwa mafuta ya nazi kwanza, ikafukizwa udi, ndipo ikashona. Baiskeli ya shemeji nayo vivyo hivyo, na mnyororo wake ulikwenda miaka bila kulia. Mtoto mchanga, kofia mpya, kufuli la mlango, vyote. Na mafuta ya dada hayakuwa mafuta tu. Alikuna nazi mwenyewe, akayachemsha mpaka yakatulia juu maangavu kama machozi, halafu akayatia maua ya langilangi ambayo pale kisiwani unayaokota njiani chini ya miti. Wanawake wa mtaa mzima walikuja kumwomba kidogo, na kidogo hicho hakikuwa kidogo.

"Mafuta ni mafuta," akasema shemeji.

"Na haya hayatapishi," akasema dada.

Basi shemeji akatoa risasi zote akaziweka mbali, akaifungua bastola kama alivyofundishwa. Dada akajifunga leso puani, akaiosha kwa maji ya moto na vitambaa mpaka ule uchafu wa kahawia ukaisha, akaianika, kisha akaipaka kwa kidole, kila kona, kila ufa, kama anavyopaka masikio ya mtoto. Mimi nilishika chetezo. Tukaipitisha juu ya moshi wa udi, dada akasema bismillahi, na bastola ikawa ya kwetu.

Kesho yake alasiri shemeji aliijaribu nyuma ya shamba la miwa, mbele ya mkuu na wenzake. Ilikuwa mwisho wa masika, joto la kuyeyusha mshumaa. Ikalia mfululizo kama cherehani. Mkuu akampiga bega. Mlinzi mmoja, mzee mwenye meno ya dhahabu na ulimi wa pilipili, akaichukua mkononi, akainusa.

"Hii nini? Bastola au bibi arusi?"

"Bibi arusi," akajibu mwingine. "Na huyu ndiye bwana arusi."

Kuanzia siku hiyo shemeji akawa bwana arusi. Alikuja kutuhadithia anacheka. Na mimi usiku ule nilimwota amepanda farasi mweupe kwenye gwaride la uhuru, bastola kiunoni, na nyuma yake wasichana wote wa kisiwa wakinuka langilangi. Sijui farasi nilimtoa wapi, maana farasi nimemwona kwenye picha tu. Lakini mimi ndivyo nilivyo. Nikipewa ukucha, naota simba mzima.

Kipya kinyemi. Miezi ile ya kwanza tulikipenda kitu kile. Kila wiki dada aliongeza mafuta, hakuchoka. Gari la mishahara lilikwenda na kurudi salama, shemeji akapita na mkanda wake mpana, na watoto wakamfuata wakimsalimu kama mkubwa.

Kisha kikaingia kipupwe, na ukataji wa miwa ukaanza. Gari likawa linatoka alfajiri. Mkuu alikuwa na amri yake: kabla ya kuondoka, mlinzi apige risasi mbili tatu kwenye kichuguu cha udongo nyuma ya lango, silaha ijulikane iko macho. Asubuhi moja ya baridi shemeji akafyatua. Ya kwanza ikalia. Ya pili haikutoka. Kifuniko kilirudi nyuma polepole kikaishia njiani, ganda limebanwa, bastola imebaki mdomo wazi kama samaki aliyekufa.

Akaivuta kwa mkono, akafyatua tena. Ikalia, ikakwama.

Mkuu alikunja uso. Alisema bastola za namna hii zinataka mkono imara. Mkono ukilegea, kifuniko hakipati cha kuegemea, hakifiki mwisho. Alisema bila hasira, kama mtu anayemweleza mwanafunzi. "Kaza kifundo."

Shemeji akakaza. Asubuhi iliyofuata ikakwama. Alasiri aliijaribu peke yake, ikalia yote bila kusita. Alfajiri ikakwama tena. Hapo ndipo wenzake walipoacha kutania kwa upole.

"Mchana ameshiba, alfajiri ana njaa," akasema yule wa meno ya dhahabu.

Basi shemeji akaanza kula kabla ya alfajiri. Mimi niliamka kumpashia wali wa jana, nikampa na maji ya moto yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali, akala mpaka akatoka jasho. Ikakwama vilevile.

Kisha mkuu akasema neno lililomkaa shemeji kifuani. Alisema, "Mchana ni mchezo. Alfajiri ndiyo kazi yenyewe. Mkono unaolegea alfajiri tu, si udhaifu. Ni woga."

Shemeji alituhadithia hayo akitazama mkeka. Dada aliweka kisu chini.

"Wewe unaogopa?"

"Sijui," akasema. "Labda mkono unaogopa mwenyewe, haukuniambia."

Msomaji nakuomba usicheke hapo. Sisi hatukucheka. Maana si mkanda tu uliokuwa unakwenda. Shemeji alikuwa wa kwanza. Akivuliwa mkanda ule, bastola ingerudi kwa mgeni, na pale langoni watu walikwisha anza kusema, tena watu wetu wenyewe: kitu kizuri tukipewa sisi kinaharibika. Wangesema hivyo juu yake, na juu ya kila atakayekuja baada yake.

Akaanza kufanya mazoezi. Alishika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooka mpaka mkono ukatetemeka. Mimi nilimletea mchi wa kinu, akaunyanyua mbele ya kifua huku nikimwimbia nyimbo za arusi ili asahau maumivu. Dada, tumbo limeanza kuonekana, alimkanda kifundo jioni. Kwa mafuta gani? Yaleyale.

Mwisho mkuu alimwita. Hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Alisema bastola ilinunuliwa Mahajanga, na kwenye duka lile yuko fundi wa silaha. Aipeleke, na yeye mwenyewe mkuu atampa karatasi ya ruhusa. Fundi akiona kasoro, itabadilishwa. Asipoona, shemeji atarudisha mkanda, na hakuna atakayemwonea.

Jirani alikubali kulala na dada, nami nikafuatana na shemeji, kwa kuwa mama alikuwa amelimbikiza vitu vya uzazi vya kuchukuliwa. Dada alinipa chupa ya mafuta nimpelekee mama. Tukapanda meli ya pwani kwenye bandari ya Hell-Ville. Njia nzima abiria walitapika na kuomba dua, lakini shemeji alikaa amekumbatia begi lake, anakunja na kukunjua vidole.

Mahajanga tulifika karibu na adhuhuri. Hatukupitia hata nyumbani. Saa sita za Mahajanga hata kivuli kinatafuta kivuli. Tulitembea juani mpaka begi likawa moto mkononi. Fundi alikuwa mtu mfupi mwenye pamba masikioni, na uani kwake kulikuwa na magunia ya mchanga. Akaifungua bastola, akachungulia, akaona inang'aa mafuta, akaridhika. Akaifunga. Akapiga. Zote zikatoka. Akampa shemeji.

"Piga wewe."

Shemeji akakaza kifundo mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Zote zikatoka.

"Legeza sasa. Piga kama mtu mvivu."

Zote.

Fundi akatoa pamba masikioni. "Bwana wee, bastola hii nzima kuliko mimi." Kisha akainusa, akatabasamu. "Tena inanukia kuliko mke wangu."

Nilidhani shemeji angefurahi. Mimi nilikuwa nimeruka juu. Lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesomewa hukumu, na hapo nikakumbuka: bastola nzima maana yake mkono mbovu.

Kule nyumbani Mahabibo mama alipika, baba akavaa kofia yake ya kutia uzi kumheshimu mkwewe. Shemeji alikula kwa adabu. Mwishowe akawaeleza wazee yote.

"Kesho kutwa nikirudi nitauvua mkanda mwenyewe," akasema. "Bora kuuvua kuliko kuvuliwa."

Baba yangu ni mshonaji wa kanzu, si mtu wa maneno mengi. "Mkwe," akasema, "nilipokupa binti yangu sikuuliza mkono wako unashika nini. Nilitazama unavyomshikia mama yako mlango."

"Ahsante, baba," akasema shemeji. Lakini kuna wakati maneno mazuri nayo ni mzigo. Unashukuru, na bado unayo yako.

Asubuhi yake niliketi barazani katikati ya magoti ya mama anisuke. Jua lilikuwa halijashuka bado kwenye uwanja wetu mwembamba, na kijiupepo cha kipupwe kilikuwa kinang'ata vidole vya miguu. Nje wauza mboga walishaanza kubishana. Mama alikuwa amejipaka liwa la msandali usoni, na kila aliponikaripia liwa lilimpasuka mashavuni.

"Tulia! Kichwa hiki kama mbuzi anayechunguliwa na chui. Hebu nipe mafuta ya dada yako."

Nikampa chupa. Akaipindua kiganjani. Hakikutoka kitu. Akaitikisa, akaipiga chini.

"Yameganda. Kaweke ukutani penye jua, yaamke."

Nikainuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio. Nilishika chupa ile iliyojaa weupe mgumu kama nta ya mshumaa. Nimekaa na mafuta ya nazi maisha yangu yote. Kila kipupwe huganda asubuhi, kila mchana huyeyuka, na kila mtoto wa pwani anajua. Sikuwa nimejua kitu kipya chochote. Ila mkono wangu uliganda na chupa hewani.

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Shemeji! Bastola yako imelala!"

Alikuwa uani anasukutua mdomo. Akaja na povu la dawa ya meno kidevuni, baba nyuma yake.

"Imefanya nini?"

Nilishindwa kueleza. Nikampindulia chupa mbele ya macho. Mafuta hayakutoka. Akaitazama chupa. Akanitazama. Kisha akageuka, akaenda ndani mbiombio, akarudi na bastola, tupu, akaifungua palepale.

Ndani, kwenye njia kinamotelezea kifuniko, kwenye mizunguko ya springi, kwenye kila kona aliyoipaka dada kwa mapenzi yake, palikuwa na weupe. Palikuwa kama sahani ya mchuzi wa mbuzi iliyoachwa usiku.

Baba alichukua chupa akaiweka juu ya ukuta penye jua, na shemeji akaiweka bastola pembeni yake, vipande vipande. Tukasimama tukitazama. Jua likapanda. Weupe wa kwenye chupa ukaanza kuwa maji pembeni, na ule wa kwenye bastola ukafuata, vyote viwili vikalainika pamoja.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Jamani, mnaanika nini?"

Mama akainuka kwa kishindo, akatupa leso yake juu ya vipande vyote. "Tunaanika mafuta! Hujaona mafuta?"

Ndipo shemeji akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akachuchumaa, akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaendelea kutikisika, lakini hakikuwa kicheko tena.

"Si mkono," akasema. "Baba, si mkono."

"Tumeona, mwanangu," akasema baba.

Tukarudi kwa fundi, mimi na kichwa changu nusu nusu chini ya mtandio. Fundi aliposikia alikaa juu ya gunia la mchanga kwa kucheka. Alisema kila bastola mpya inayouzwa huletwa tena na ugonjwa wake: mmoja hakuisafisha mafuta ya safarini hata kidogo, mwingine kaipaka ya kukaangia, na sasa huyu wa nywele. Akaiosha yote, akaipaka mafuta membamba yanayonuka, akatupa kopo jingine. Halafu, kwa kuwa alikuwa na huruma, akamvuta shemeji pembeni.

"Sikiliza. Mwambie mkuu wako springi ilikuwa dhaifu, nimeibadilisha. Nani atajua?"

Njiani kurudi, juu ya meli, mimi ndiye niliyeishikia bango springi ile. Niliona jinsi walinzi watakavyomcheka. Niliona jinsi dada atakavyotajwa langoni, nywele zake na mafuta yake, na wanaume wasiomjua. Moyo wangu hauwezi mambo hayo.

"Sema springi, shemeji. Uongo mdogo tu. Mungu mwenyewe atacheka."

"Springi haijanikosea," akasema.

"Springi haina mke! Haina aibu!"

"Mkuu ameagiza bastola ya pili," akasema. "Atapewa mwenzangu wa zamu ya usiku. Yeye naye ni wetu. Yeye naye ana mke, na kule kwao kipya hakianzi kazi kikavu. Nikiisingizia springi, kipupwe kijacho huyo atakuwa njiani na bastola iliyolala, na hatajua kwa nini."

Nilimpa chungwa nililolificha mama asilione, akala.

Nyumbani alimweleza dada kwanza, mlangoni, kabla ya kuvua viatu. Nilimwona dada anavyosikiliza, mkono tumboni, na macho yanavyojaa.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyekufanya uitwe mwoga."

"Si wewe. Ni kipupwe."

"Nilikuwa naipaka na kuiombea."

"Ndiyo maana haikunilipukia," akasema shemeji, na dada akacheka huku analia, akampiga kwa ncha ya leso.

Alfajiri iliyofuata nilimpelekea maji ya ukoko langoni. Kusema kweli maji hayo hakuyaagiza, nilitaka kuona. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miwa, na walinzi walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti yao. Gari lilikuwa tayari. Mkuu alisimama na mikono nyuma.

"Fundi amesemaje?"

Shemeji akajibu kwa Kifaransa chake cha kuokoteza. Niliona mkuu hakumwelewa, akageuka kwa karani. Karani akatafsiri: "Anasema ni mafuta ya nazi, mkuu. Ya nywele. Ya mkewe. Kwenye baridi yanaganda."

Loo, kile kicheko! Yule mzee wa meno ya dhahabu alishika nguzo ya lango. "Bwana arusi! Kwa hiyo alikuwa anasuka!" Wengine wakapiga magoti yao. Shemeji akasimama wima katikati yao, masikio yamewiva, na hakuinamisha kichwa. Alingoja waishe. Kisha akasema kwa Kimalagasi, kila mtu asikie, akimtazama mwenzake wa zamu ya usiku: "Na wewe ikija yako, usiipake. Mwambie na mama watoto."

Mwenzake, aliyekuwa anacheka, akaacha kucheka. Nadhani alikuwa amekwisha panga kuipaka yake.

Mkuu hakuwa amecheka. Akaichukua bastola, akainusa. Safari hii ilinuka kopo. Akamrudishia, akaonyesha kichuguu kwa kidevu.

Mimi nilifumba macho, nikaziba masikio na birika likanimwagikia miguuni. Nilisikia hata hivyo. Ikalia. Ikalia. Ikalia tena, na ikaendelea mpaka ikaisha, na ndege wote wa shamba la miwa wakainuka kwa pamoja. Nilipofumbua macho kifuniko kilikuwa kimekaa nyuma kabisa, jinsi kinavyopaswa kukaa risasi zikiisha, na mkono wa shemeji ulikuwa umenyooka mbele yake, umetulia, kama wa mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Kopo nilikupa," akasema mkuu. "Kwa nini hukulitumia?"

Karani akauliza, shemeji akajibu, karani akatafsiri kwa sauti ndogo: "Linamtapisha mkewe. Ana mimba."

Mkuu akavuta masharubu. "Ungesema," akasema. "Ingelala hapa langoni." Kisha akatazama saa yake, akasema gari linangoja. Juu ya woga hakusema tena, siku hiyo wala siku nyingine. Na kuomba radhi hakuomba, lakini jioni shemeji alikuta kabati dogo la chuma limepigiliwa ukutani kwenye kibanda cha lango, na ufunguo mmoja ukiwa umefungwa kwenye uzi wa mkonge.

Bwana arusi jina lilibaki. Anaitikia mpaka leo.

Jioni ile alirudi na vumbi la kambi zote za miwa. Hakuingia. Alikwenda moja kwa moja penye mtungi wa uani, akaniita nimmiminie maji. Alisugua mikono kwa majivu, akasugua kwa ndimu, akasugua tena kwa majivu. Ndani dada alikuwa amejilaza, miguu imevimba, ameibana chupa ya mafuta kwapani yayeyuke, kwa kuwa baridi ilikuwa imeanza kushuka.

"Umenawa?" akauliza.

"Nimenawa."

"Njoo ninuse."

Akaingia, akapiga magoti kando ya mkeka, akanyoosha mikono yote miwili. Dada akavinusa vidole kimoja kimoja, taratibu, amefumba macho.

"Gumba bado," akasema.

Shemeji akainuka bila neno, akarudi mtungini, nami nikachukua kata nikammiminia tena.